Pensheni ya askari aliyekufa kazini: kodi ambayo mjane hadaiwi

Polisi, mzimamoto au mhudumu wa gari la wagonjwa akifa kazini huko Marekani, familia yake hupokea fedha kutoka sehemu kadhaa, na kila moja ina sheria yake ya kodi. Nawaandikia hasa ndugu zetu wanaoishi huko, na yeyote anayewajazia ritani za kodi. Kosa linaloumiza zaidi liko kwenye pensheni, lakini tuanze na lililo jepesi.

Fidia ya serikali kuu kwa familia za maafisa hao, PSOB (Public Safety Officers' Benefits), ilianzishwa mwaka 1976 ikiwa dola 50,000. Kwa vifo vya mwaka wa fedha 2025 ni dola 448,575. Haitozwi kodi ya mapato hata senti moja, na tangu 2015 sheria inalisema hilo waziwazi, pamoja na fidia za majimbo za aina hiyo hiyo. Kumbukeni tu kwamba ombi linatakiwa lifike ndani ya miaka 3 tangu kifo.

Sasa pensheni. Kifungu cha 101(h) cha sheria ya kodi kinaisamehe pensheni ya kila mwezi anayolipwa mjane, mtalaka au mtoto wa afisa aliyeuawa akitekeleza kazi, mradi inatoka kwenye mfuko wa pensheni wa serikali unaokidhi masharti ya sheria hiyo. Mzazi wa marehemu hakutajwa. Kama marehemu aliwahi kuwa, tuseme, karani wa manispaa kabla ya kuvaa sare, sehemu ya pensheni inayotokana na miaka ile haimo kwenye msamaha. Msamaha pia hufutika kama kifo kilisababishwa na ulevi wa hiari, uzembe mkubwa au utovu wa makusudi wa afisa mwenyewe.

Mambo huharibika kwenye fomu ya 1099-R, ambayo mfuko hutoa kila mwaka kuonyesha pensheni uliyolipa. Kisanduku cha 7 huandikwa 4, maana yake malipo yametokana na kifo. Kifo cha namna gani, haisemi. Mfuko usipoambiwa kwamba ni kifo cha kazini, kisanduku cha 2a hujazwa pensheni nzima kama mapato ya kutozwa, na mjazaji wa ritani anainakili tu.

Hasara haiishii hapo. Chukua mjane asiye na mapato mengine, anayepata pensheni ya dola 36,000 kwa mwaka na Social Security (mafao ya hifadhi ya jamii ya serikali kuu) ya dola 18,000. Social Security haina msamaha huu, inafuata kanuni ya kawaida: nusu yake hujumlishwa na mapato mengine, na jumla ikizidi dola 25,000 sehemu yake huanza kuhesabiwa kwenye kodi. Pensheni ikisamehewa inavyostahili, jumla ni dola 9,000 na hadaiwi chochote. Ikiingizwa kimakosa, jumla inakuwa dola 45,000, na dola 13,850 za Social Security nazo zinaingia kwenye mapato ya kutozwa. Kosa moja, adhabu mbili, kwa mtu ambaye bado yuko kwenye msiba. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Cha kufanya: uandikieni mfuko wa pensheni, mkiambatanisha cheti cha kifo na barua ya idara inayothibitisha kifo cha kazini (barua ya PSOB kama ipo), muombe 1099-R iliyosahihishwa. Pelekeni na W-4P, fomu ya kuelekeza makato ya kodi kwenye pensheni, ili wasiendelee kukata kodi. Kwenye fomu ya 1040, yaani ritani yenyewe, jumla ya pensheni huandikwa mstari wa 5a, na inayotozwa, hata ikiwa sifuri, mstari wa 5b.

Bima ya maisha haitozwi, ila riba iliyozaliwa baada ya kifo inatozwa. Mshahara wa mwisho na malipo ya likizo ambazo hazikuchukuliwa ni mapato ya kawaida kwa anayezipokea. Hapa familia nyingi hudhani kila kitu kimesamehewa. Akiba ya 457(b), yaani akiba ya kustaafu ya watumishi wa umma, nayo si pensheni ya 101(h) na hutozwa, kwa hiyo msiitoe yote kwa mkupuo kabla ya kupiga hesabu.

Kwa miaka ambayo kodi ilishalipwa kimakosa, tumieni 1040-X, ritani ya marekebisho, fomu moja kwa kila mwaka. Kwa kawaida mlango hufungwa miaka 3 baada ya kuwasilisha ritani, au miaka 2 baada ya kulipa, lolote litakalochelewa. Anzeni na mwaka wa zamani zaidi, maana ndio unaokaribia kufungwa.