Mistari myekundu: siku moja kwenye maabara ya himoglobini

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya chai napima pH (kiwango cha asidi) ya bafa, kimiminika kitakachopitisha umeme. Lazima isome 8.6, ikiteleza, kazi yote ya leo haiaminiki.

Saa 2:30. Sampuli 18 zimefika, chupa za kifuniko cha zambarau, nyingi za watoto waliotumwa na kliniki kupimwa seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Naosha chembe nyekundu kwa maji ya chumvi, kisha nazipasua ili himoglobini, protini inayobeba oksijeni, itoke.

Saa 4:00. Nadondoshea kila sampuli kwenye utando wa selulosi asetati na kuwasha umeme, volti 350 kwa dakika 25. Mwanafunzi wa fildi anauliza, "Dada, zote si himoglobini? Mbona hazitembei sawa?"

Swali hili nalipenda kuliko yote. Nachukua kalamu. Asidi amino, kijenzi cha protini, ina upande wa amino na upande wa asidi. Mbili zikikutana, upande wa asidi wa moja unashikana na wa amino wa nyingine, molekuli ya maji inatoka, na hicho ndicho kifungo cha peptidi. Endelea kutunga hivyo kama shanga hadi 146, umepata mnyororo wa beta. Himoglobini ina beta mbili, na alfa mbili zenye 141 kila mmoja.

Kwenye seli mundu ushanga wa sita tu wa beta umebadilika: penye asidi glutamiki pamekaa valini. Glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Kwa hiyo himoglobini hiyo, iitwayo S, imepungukiwa chaji hasi mbili, na umeme ukiivuta kwenda upande chanya inaachwa nyuma na A, ile ya kawaida. Tena valini haipendi maji: oksijeni ikitoka, inajibanza kwenye himoglobini ya jirani, zinajipanga nyuzi nyuzi, chembe inapinda.

Mkemia Linus Pauling na wenzake waliona tofauti hiyo ya mwendo mwaka 1949. Vernon Ingram, pale Cambridge, alikata himoglobini vipande kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, na mwaka 1956 akaonyesha kuwa kipande kimoja tu ndicho kilichotofautiana. Kila nikilisimulia hili mwili unanisisimka.

Saa 4:15 umeme unakatika. Mistari inatawanyika, utando hauna kazi tena. Nimeumia, lakini nilibakiza kidogo ya kila sampuli, hivyo hakuna mtoto atakayechomwa sindano tena.

Saa 8:20. Utando wa pili unatoka kwenye rangi ya Ponceau. Nausafisha kwa asidi asetiki hadi weupe urudi na mistari myekundu ibaki. Wengi wana A peke yake. Watatu wana A na S, wamebeba kinasaba bila kuumwa. Sampuli ya 11, mtoto wa miezi saba: mstari wa F (himoglobini ya uchangani), mstari wa S, na pa A ni peupe kabisa. Naweka rula. Mwenzangu anasoma upya bila kuniuliza nimeona nini. Anasema, "FS." Yaani F na S bila A: dalili ya seli mundu.

Saa 9:30. Majibu mengine yataenda na mhudumu kesho. Hili nalipeleka kliniki mwenyewe, ili mtoto aanze leo penisilini ya kumkinga na maambukizi.