Sauti Waliyoisikia Kwangu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii sina cha kujisifia. Wengi wenu mnajua kuwa mimi na mume wangu tunawasomesha watoto wetu hapa hapa nyumbani Wete, na mwalimu mwenyewe ndiye mimi. Skuli yetu ni kibaraza. Msimu huu wa karafuu jirani yangu huanika majamvi yake mbele yetu, naye hutupa gao moja tuhesabie. Karafuu kumi kwa Salamu Maria kumi, fungu zima la Rozari, hesabu na sala kwa pamoja. Nilijiona hodari kweli.

Jumatatu kijana wangu wa miaka 6 akahesabu: tano, sita, nane. Nikamrudisha. Sita, nane. Mara ya nne nikapiga mwiko sakafuni na kumkaripia kwa sauti iliyofika barabarani. Hata jirani alinyanyua kichwa kwenye karafuu zake.

Usiku, kwa kuwa ni Oktoba, mwezi wa Rozari, ilikuwa zamu yake kuongoza. Akakunja uso, akamnyooshea kidole mdogo wake wa miaka 4: "Salamu Maria, umejaa neema! Sema! Husikii?" Baba yao akacheka. Mimi nilishindwa, maana sauti ile naijua. Mtoto alimsalimia Mama wa Mungu kwa ukali wangu.

Kumbukumbu la Torati 6 tumeisikia sote: "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii." Hapo kwenye bidii ndipo nilipokuwa nimeshika miaka yote hii. Lakini yaliyotangulia ni haya: "Na maneno haya ninayokuamuru leo, yatakuwa katika moyo wako." Moyo wangu mimi kwanza. Na Jumatatu ile moyoni mwangu mlikuwa na nini? Niseme kweli: hofu. Sisi Wakatoliki hapa Pemba ni wachache. Kila siku nawaona watoto wa mtaani wakienda chuoni kusoma Kurani, wadogo kabisa, sura zake wanazo kichwani, na mama zao hawakosi kuwapeleka. Nawaheshimu sana kwa hilo, na kwa kweli nawaonea wivu. Wangu, sala ya Nasadiki bado anaichanganya. Basi naogopa watapotea, na hofu ikanifundisha kupayuka.

Mama mwenzangu, unayenisoma na mwiko mkononi, hebu tuulize: ni nani alikuambia imani ya mtoto wako inasimama kwa koo lako? Mapadri wa kwanza wa karne ya 19 walifika Unguja mwaka 1860. Tangu hapo tumekuwa wachache siku zote, na Misa haijazimika. Mungu hakutungoja wewe na mimi. Alichotupa ni kazi ndogo zaidi, na ngumu zaidi: mtoto akisikia jina la Yesu, alisikie katika sauti asiyoiogopa. Maneno ya sala atayakosea, utayasahihisha kesho na mtondo. Sauti ikishaingia, kuitoa ni shida. Punguza sauti, dada. Punguza, hata kama somo halijaisha, hata kama ugali unaungua. Acha uungue!

Nanyi akina baba msijifiche nyuma ya gazeti. Mtume Paulo aliwataja ninyi kwa jina lenu: "msiwachokoze watoto wenu." Kucheka pembeni hakutoshi.

Katekisimu, namba 2223, inasema nyumba ndipo mahali panapofaa kumlea mtoto katika fadhila, na kwamba mzazi anayejua kukiri makosa yake mbele ya wanawe ataweza zaidi kuwaongoza na kuwarekebisha. Nilikuwa nimewahi kuisoma, nikaipita haraka. Ungamo kwa padri nalizoea. Kumwambia mtoto wa miaka 6 "nimekosa, nisamehe" kulinichukua mpaka Jumatano.

Aliniangalia, akauliza kama mwiko nao umesamehewa. Nikasema ndiyo. Akaenda kuuficha nyuma ya mtungi, na mpaka leo sijauomba.

Asubuhi hii, baada ya adhana ya Alfajiri (ndiyo saa yetu ya kuamkia, na Ishara ya Msalaba tunaifanya bado giza), tumekaa tena na karafuu zetu. Amefika kumi, saba akairuka.

Niombeeni.