Kiti, mkoba na tofali: ninavyojenga miguu ya wazee

Wazee wengi ninaowapokea kwenye fiziotherapia kwa maumivu ya goti huwa wameshaambiwa mambo mawili: uteute umekauka, na mguu wapumzishe. La kwanza linawatia hofu, la pili linawadhuru. Gegedu inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti haina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji ya goti, ndiyo huo uteute, ambayo huingia na kutoka kila goti linapokandamizwa na kuachiwa, kwa hiyo goti lisilotumika linakosa chakula. Paja nalo hunywea upesi mno. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10, na kwa wastani wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa wa chochote.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kurudisha nguvu ya mapaja, makalio na vigimbi, na vifaa karibu vyote vimo nyumbani kwa mgonjwa.

Naanza kwa kupima. Natafuta kiti cha mezani chenye kimo cha sentimita 43 hivi na kukiegemeza ukutani. Mzee anakunja mikono kifuani, kisha kwa sekunde 30 anasimama wima na kukaa mara nyingi kadiri awezavyo. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha 12, yumo kwenye hatari ya kuanguka. Akijisukuma kwa mikono, hesabu ni sifuri. Namba hiyo naiandika kwenye kadi yake, maana siku goti likiuma mtu husahau nafuu yote aliyopata, na kadi ikionyesha ametoka 4 amefika 8 mazungumzo yanabadilika.

Kuinuka kitini kuna ufundi, na ndipo ninapotumia muda mwingi. Makalio yasogee hadi nusu ya mbele ya kiti. Nyayo zikae chini zote, zikiachana kwa upana wa nyonga, na visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Halafu kifua kiinamie mbele. Huwa namwambia, "Mama, pua ivuke vidole vya miguu ndipo unyanyuke." Mtu asiyeinama hivyo hurushwa nyuma na uzito wake mwenyewe, anajaribu tena, anakata tamaa, na lawama zote zinaangukia goti ambalo halina kosa. Kushuka ni muhimu kuliko kupanda: ahesabu moja, mbili, tatu ndipo makalio yaguse kiti. Hapo nakaa pembeni nikimtazama paja. Sentimita kumi za mwisho ndizo zinazosema ukweli. Mwenye mapaja dhaifu huteremka vizuri kisha ghafla anajiachia, pu! Kiti kinalia, uti wa mgongo unapigwa. Nikisikia hivyo naweka blanketi lililokunjwa au mto mgumu juu ya kiti mpaka kipatikane kimo anachoweza kukishukia bila kuanguka. Tunapunguza mkunjo mmoja kila anapozoea.

Kuhusu kiti cha plastiki: kwenye vigae miguu yake hutanuka na kuteleza. Nyuma kuwe na ukuta, na mzee avae viatu vilivyoshika mguu au akae peku kama sakafu ni kavu. Ndala hazifai.

Kipimo changu cha kawaida ni mara 8, mizunguko 3, na mapumziko ya dakika 1 hadi 2 katikati, siku 3 zisizofuatana kwa wiki. Aache akihisi bado angeweza mara mbili au tatu zaidi. Apumue nje anapoinuka. Wengi hubana pumzi, na kwa mwenye presha hilo linaipandisha bila sababu. Akifika mara 12 kwa wepesi, mzigo unaongezeka, na hapa ndipo mazoezi ya nyumbani mengi yanapokufa: mtu anarudia kitu kilekile mwaka mzima, halafu anashangaa mbona nguvu haziongezeki. Msuli haukui kwa mzigo ulioshauzoea. Akumbatie mkoba wenye kilo 2 za sukari au chupa mbili za maji za lita moja, maana lita 1 ni kilo 1. Baadaye dumu la lita 5, likianzia nusu.

Tofali linakuja baada ya kiti. Tofali la inchi sita likilazwa linatoa kidato cha sentimita 15 hivi, ila moja ni jembamba kwa unyayo, hivyo naomba yawekwe mawili yamebanana kwenye sakafu iliyo sawa, karibu na nondo za dirisha za kushikilia. Mguu dhaifu unapanda na ndio unaofanya kazi. Wa chini usijirushe. Goti likiingia ndani kuelekea jingine, naagiza lielekezwe kwenye kidole cha pili cha mguu. Likishindwa kutii, tunarudi kwenye kiti. Kwenye ngazi za kweli za nyumbani au daladala utaratibu ni mwingine: kupanda anaanza na mguu mzima, kushuka anatanguliza unaouma.

Maumivu yatakuwepo, na nawaambia mapema ili wasiogope. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, nakubali mpaka 5 wakati wa zoezi, mradi kesho yake asubuhi goti liwe limerudi lilivyokuwa. Likiamka limevimba zaidi, tunapunguza idadi au kina cha kukaa. Hatuachi. Sipendi mgonjwa ameze dawa ya maumivu kama diklofenaki ndipo afanye mazoezi, kwa kuwa inaficha ile dalili tunayoitegemea, na kwa mzee ikitumiwa mfululizo inaweza kuumiza figo, tumbo na kupandisha presha.

Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kwa sababu ubongo na neva zinajifunza kuamsha msuli vizuri. Nyama yenyewe huonekana baadaye, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8. Wanaoacha wiki ya tatu wakisema paja halijajaa wanakatiza kazi iliyokuwa inaendelea. Na nyama haijengwi kwa chai na mkate. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, naye yai moja lina 6 tu. Maharage, dagaa, maziwa viwepo kila mlo, isipokuwa daktari amemwekea mipaka kwa sababu ya figo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi asifanye mazoezi kabla ya kula.

Kuna ninaowarudisha kwa daktari siku hiyohiyo: goti jekundu lenye moto pamoja na homa, kigimbi kimoja kilichovimba na kuuma, maumivu ya kifua, au mtu aliyeanguka na hawezi kukanyaga.

Swali ninaloulizwa sana na akina bibi ni lini watasujudu tena au kukaa mkekani. Namfundisha hilo bibi akiwa na uwezo wa kuinuka kitini mara 8 bila mikono. Kutoka chini, anageuka ubavu, anajisukuma mpaka magoti na viganja viwe sakafuni, anatambaa hadi kwenye kiti, anaweka viganja juu ya kiti, anatanguliza unyayo wa mguu wenye nguvu, kisha anasukuma. Anayeshindwa kupigia goti anawekewa mto chini yake. Wajukuu hukimbilia kumvuta kwa mikono au makwapa, na bega la mzee huumia kirahisi. Msaidizi ashikilie kiti kisiteleze, na bibi akishainuka amsogezee kingine nyuma yake akae kidogo kabla ya kutembea, maana presha hushuka ghafla na kizunguzungu humwangusha.