Maaun: sufuria iliyobaki juu ya kabati

Assalaam aleikum ndugu zangu, Ijumaa Mubarak. Wiki hii nimekwama kwenye neno moja tu, maaun, lile la mwisho kwenye Suratul Maaun, sura ya 107, ambayo wengi wetu tumeihifadhi tangu madrasa na tunaisoma kwenye Maghrib kwa sababu ni fupi, aya 7 basi. Mwisho wake inasema ole wao wanaosali, wale wanaopuuza sala zao, wanaojionyesha, na wanaonyima maaun.

Neno lenyewe limetajwa hapo tu, Qur'ani nzima halirudi tena. Ukienda Iraq au Tunisia leo ukisema maaun mtu anakuletea sahani, ni chombo cha jikoni. Asili yake wanalugha wamevutana, wako wanaosema limetoka kwenye maan, yaani kitu kidogo, kichache, na wengine wanalirudisha kwenye aun, msaada, ndiyo hiyohiyo auni ya wazee wetu wanapoomba Mola atuauni, na ndiyo nastaiin tunayoisema kila rakaa kwenye Alhamdu. Mimi hii ya pili imenikaa zaidi, sijui nyinyi.

Sasa sahaba Ibn Masud, radhi za Allah ziwe juu yake, anasema zama za Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, wao walikuwa wanahesabu maaun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Ndoo na chungu! Ikrima naye, mwanafunzi wa sahaba Ibn Abbas, kasema kichwa cha maaun, yaani cha juu kabisa, ni zaka, na chini kabisa ni chekecheo, ndoo na sindano. Yaani ole wanaanza kuambiwa wenye kusali, halafu maneno yanashuka shuka mpaka yanaishia jikoni kwenye sindano.

Nimekumbuka mwezi uliopita mtoto wa jirani kaja mlangoni, shikamoo, mama anaomba lile sufuria kubwa la pilau wana shughuli. Mimi ndo kwanza nimetoka kusali Alasiri, buibui la kusalia bado liko kichwani, nikamwambia limeazimwa mwanangu, na sufuria liko juu ya kabati pale linanitazama, kisa mara ya mwisho lilirudi na masizi chini na mfuniko umepinda.

Nikajifariji kidogo niliposoma kwamba Ikrima aliulizwa, hivi mtu akinyima kitu cha nyumbani tu ndo kashapata ole? Akasema hapana, ni yule aliyeyakusanya yote matatu, kupuuza sala, kujionyesha, na kunyima. Nikashusha pumzi, halafu nikaanza kuhesabu. La tatu ninalo tayari, la kwanza Alfajiri zangu zinajulikana, la pili sitaki hata kuliandika hapa.

Sufuria nimelishusha jana nikalisugua. Shughuli yao ilishapita zamani, lakini nasikia Jumapili wana khitma, nalipeleka mwenyewe kabla hawajatuma mtoto.