Wali wa mkaa na wali wa gesi

Likizo ya mwaka wa pili chuo nilikua kwa shangazi Tanga. Shangazi alikua anasema ukimpa wali wa nazi anajua hapohapo umepikwa kwa mkaa au kwa gesi, na binamu yangu alikua anambishia kila siku, mpaka nikawaambia jamani hili linapimika, tulipime.

Nilikua nimetoka kusoma kisa cha Ronald Fisher, mwanatakwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted Uingereza, na mwenzake wa kazini Muriel Bristol aliyesema anajua kikombe kilichotangulizwa maziwa na kilichotangulizwa chai, Fisher akamwandalia vikombe 8. Mi nilianza na wazo la visahani 6, vitatu vya mkaa vitatu vya gesi, ila nikipiga hesabu naona njia za kuchagua 3 kati ya 6 ziko 20, yaani hata akipatia vyote anayebahatisha naye angepatia mara 1 kwa 20, ndo 0.05 ileile, mstari uliozoeleka kwenye takwimu ambao matokeo yakishuka chini yake hatuyaiti tena ya kubahatisha, hapo umegusa mstari tu. Visahani 8 vina njia 70, akipatia vyote inakua 0.014. Tukaenda na 8.

Mchele mmoja, nazi moja, sufuria zinafanana, moja kwenye gesi moja uani kwenye jiko la mkaa. Binamu akapakua kijiko kijiko, tukasubiri vyote vipoe maana joto tu lingeweza kumwambia, na mpangilio tukaupata kwa kuchanganya vikaratasi kwenye bakuli. Kabla shangazi hajaonja nikaandika pembeni ya kalenda ya ukutani: 0.05. Fisher mwenyewe mwaka 1925 aliitaja kama kiwango kinachofaa kutumia, sio amri, ila ukishachagua cha kwako unakichagua kabla ya kuona matokeo, hapo sina mjadala na mtu.

Shangazi alifumba macho, anatafuna taratibu, anasukutua mdomo kwa maji kila kisahani. Akatenga vinne vyake vya mkaa. Vitatu kweli, kimoja cha gesi.

Kupatia vitatu au zaidi kwa kubahatisha kuna njia 17 kati ya 70, ndo inaitwa pi-valyu, 0.24, juu ya ile 0.05. Binamu akadakia, kwahiyo kuna asilimia 24 kwamba mama amebahatisha! Nikamwambia hapana kaka, sisi tumeanza kwa kuchukulia kwamba anabahatisha, hiyo ndo nadharia tete sifuri, alafu tukauliza mtu wa hivyo angefikia hapa au zaidi mara ngapi. Mara 24 kwa 100. Namba hiyo inausemea wali uliotengwa, haisemi mama yako anajua au hajui.

Akataka basi tupandishe kiwango kiwe 0.25 ili mama apite. Nikakataa, kalenda iko pale.

"Kwahiyo mwanangu hesabu zako zimenifanya muongo?"

"Hapana shangazi. Zimeshindwa kukutofautisha na mtu anayebahatisha, basi. Visahani ni vichache, ukikosea kimoja tu umeshaondoka."

Nikamwonyesha kwenye daftari, vingekua 12, sita sita, njia ni 924, na akikosea kimoja vilevile akapata vitano vya mkaa, anayebahatisha anafikia hapo kwa njia 37 tu, yaani 0.04, chini ya mstari. Shangazi akaliangalia daftari muda mrefu kidogo, akaniuliza hizo 37 zimetokaje, nikamwandikia zote, 36 za kukosea kimoja na 1 ya kupatia vyote. Akasema Jumapili tunapika tena, na mchele atachagua yeye.