Gauti yangu: supu niliiacha, maharage nikabaki nayo

Nilipoambiwa nina gauti, ugonjwa wa kuvimba na kuuma viungo, nilianza na supu. Nyama nilikuja kuipunguza baadaye, tena kidogo kidogo, lakini supu niliikata siku hiyo hiyo niliyotoka hospitali. Kwa sisi wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Asubuhi yetu huanzia mezani kwa mama wa supu: bakuli la makongoro au utumbo na maini, chapati mbili, ndimu, pilipili, ndipo mtu akafungue duka.

Maumivu yenyewe sitayasimulia sana. Aliyewahi kuamshwa usiku na dole gumba la mguu, limevimba na kuwa jekundu, hata shuka likigusa anataka kulia, anayajua. Kipimo cha damu kilionyesha asidi ya yuriki miligramu 9.4 kwa desilita, na daktari akasema mgonjwa wa gauti anatakiwa ashuke chini ya 6. Kwenye maini, figo na nyama kuna kemikali ziitwazo purini. Mwili ukizivunja hutoka asidi hiyo, na figo ndizo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, inaganda kuwa chembe zenye ncha ndani ya viungo, na hupenda zaidi huko miguuni kwenye baridi. Kilichonishtua ni pale aliponiambia purini huyeyuka kwenye maji. Nyama ikichemka saa nzima, purini nyingi zinahamia kwenye mchuzi. Yaani nilikuwa nazinywa kwa bakuli. Sasa nyumbani nyama ikishaiva, supu wanakunywa watoto, mimi naungiwa vipande vyangu na nyanya na vitunguu, navyo havizidi kiganja cha mkono.

Mtaani nako kila mtu ni daktari. Niliambiwa niache maharage, dengu, mchicha, uyoga, hata nyanya. Ningewafuata wote ningebaki na ugali na chumvi. Ni kweli maharage yana purini kiasi chake, lakini watu wengi wamefuatiliwa kwa miaka na walaji wa maharage na mboga hawakuonekana kupata gauti zaidi ya wengine. Kwa hiyo maharage yapo mezani kwangu karibu kila siku. Mayai pia nakula, ndizi nakula, maziwa ya mtindi nanywa kila jioni, maana maziwa yaliyopunguzwa mafuta yanasaidia kushusha asidi. Dagaa wakavu ndio nimewaweka mbali, na hao walinitoa machozi kuliko nyama choma. Kahawa haina neno, watu wa kijiweni wasiwe na wasiwasi. Kashata ndiyo ya kuangalia.

Kashata kwa sababu ya sukari. Hapa wengi wanapita bila kuona. Bia kila mtu anaijua: ina purini zake, halafu pombe yenyewe inazifanya figo zibane asidi isitoke. Lakini mtu anaacha bia, anakaa baa ile ile na soda mbili tatu, akitoka hapo anapitia glasi kubwa ya juisi ya miwa. Sukari ya namna hiyo, ini likiichakata, inazalisha asidi ya yuriki vile vile. Mimi naagiza maji makubwa. Wenzangu walicheka wiki za mwanzo, siku hizi mhudumu ananiletea kabla sijakaa.

Mtihani wenyewe ni Desemba. Sisi wa Kibosho, kule Kilimanjaro, Krismasi lazima tupande nyumbani, na nyumbani maana yake mbuzi, kisusio na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwaka wa kwanza baba mkubwa alinipokea na kata mkononi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Shika hii kwanza, habari utatoa baadaye."

Nikamwambia mguu umenikataza. Akautazama, akatazama ndala nilizovaa siku ya sikukuu, akauliza kama huko mjini watu wanaumwa vidole. Nilionja kwa heshima, nikampa kata aliyekaa pembeni. Kisusio sikugusa kabisa: ni damu na vya ndani kwenye chungu kimoja, kwangu hapo hakuna mjadala. Shangazi ndiye aliyeniokoa kwa sahani ya kiburu. Ndizi na maharage, chakula cha mgonjwa wa gauti kilikuwa kwetu siku zote.

Uzito niliupunguza polepole, kwa kutembea jioni na kuacha kula usiku wa manane. Kujinyima ghafla ni hatari, kwani mwili ukishindishwa njaa asidi inapanda. Na kuna jambo nisingelijua bila kubeba vidonge vyangu vyote kwenda navyo kliniki: dawa yangu ya presha ilikuwa ya ile aina ya kukojoza, ambayo huizuia asidi ya yuriki kutoka. Daktari akanibadilishia losatani, inayosaidia kuishusha. Usijibadilishie mwenyewe, ila uliza.

Pamoja na yote hayo, kipimo kilishuka hadi 8.1 kikagoma hapo. Daktari hakushangaa, asidi nyingi mwili unaitengeneza wenyewe, chakula kinachangia sehemu ndogo tu. Akaniandikia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, miligramu 100 kwanza, akawa anaongeza kila baada ya vipimo vya damu na figo. Alinionya kwamba miezi ya mwanzo mguu unaweza kuamka zaidi, na kwamba nikiona vipele mwilini niache dawa na kurudi hospitali haraka. Vipele sikupata. Mguu uliamka kweli. Leo nasoma 5.6.

Mguu ukianza kuwasha pale kwenye dole gumba, sisubiri asubuhi. Nameza kolchisini, dawa ya maumivu ya gauti, kwa kipimo nilichoandikiwa, naweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, nanyanyua mguu juu ya mito. Zile sindano za diklofenaki za duka la dawa nilizoea kuchomwa zamani nimeziacha, maana zinaumiza figo, na figo ndizo ninazozitegemea. Alopurinoli naendelea nayo hata siku hiyo ya maumivu. Kuikatiza na kuianza upya kunatikisa asidi kwenye damu, na dole gumba linalipuka tena.