Usiku wa kwanza niliharibu, usiku wa pili nikapata: fataki na kipande cha boksi

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwetu huuliza ile picha ya fataki niliipigaje. Kazi yenyewe ilianza wiki mbili kabla ya safari, uani, gizani, watoto wawili wakikimbia na tochi.

Tulikuwa tumepanga siku tatu kwenye bustani ya burudani, na kila usiku fataki zilikuwa zinarushwa juu ya kasri la pale katikati. Nilijua tusingerudi tena karibuni, kwa hiyo nilitaka picha ambazo watoto wataziangalia wakiwa watu wazima. Nikaanza kuuliza watu, na ushauri ukamiminika. Shemeji yangu, ambaye ana kamera nzuri kuliko yangu, aliniambia matatu: pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwa sababu ni usiku, zungusha pete ya fokasi, ile ya kuifanya picha isitoke na ukungu, mpaka mwisho kwa sababu fataki ziko mbali, na nunua lenzi kubwa. La lenzi lilikufa lenyewe, pesa haikuwepo. Hayo mawili mengine niliyabeba kichwani, na ndiyo yaliyonigharimu.

Kwanza niwaambie kuhusu tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, maana hapo watu wengi wanaumia getini. Soma masharti ya bustani unayokwenda kabla hujanunua chochote. Bustani za Disney huko Marekani, kwa mfano, zinakubali tripodi inayoingia ndani ya begi la kawaida la mgongoni na isiyozidi futi 6 ikinyooshwa, na fimbo za selfi walizipiga marufuku tangu 2015. Sisi tulikwenda kwingine, lakini nilinunua ndogo kwa kipimo hichohicho na hakuna aliyenisumbua. Rimoti ya waya, ya kupiga picha bila kuigusa kamera, niliipata kwa pesa kidogo tu, haifikii hata tiketi ya mtoto mmoja, na sijawahi kununua kitu chenye faida kama kile. Usipokuwa nayo, tumia saa ya kamera inayochelewesha picha kwa sekunde 2, lakini kwa fataki utakuwa unabahatisha, maana zikishapasuka hazikusubiri.

Sasa mazoezi. Niliweka kamera kwenye tripodi, ISO 100, tundu la lenzi f/8 (namba ikipanda, tundu linapungua), shata, kile kizibo kinachofunguka kuingiza mwanga, nikaiacha wazi kwa sekunde kadhaa, watoto wakachora hewani kwa tochi. Mkubwa aliandika jina lake, mdogo akachora duara moja refu lisilokwisha. Mistari ilitoka myembamba, safi, nyuma kukiwa cheusi. Baada ya siku nne vidole vyangu vilikuwa vinajua kila kitufe kilipo bila kuwasha taa, na hilo usilidharau: katikati ya umati, gizani, huna nafasi ya kutafuta menyu.

Asubuhi ya kwanza nilipoteza picha za getini zote. Chumba cha hoteli kilikuwa na kiyoyozi kikali, nje joto na unyevu, nikaitoa kamera na papo hapo lenzi ikavaa ukungu mzito. Kuifuta hakusaidii, unarudi palepale. Kuanzia siku ya pili niliifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutoka chumbani, nikaiacha humo ipate joto taratibu. Ukungu ukajikusanya juu ya plastiki badala ya kioo.

Usiku wa kwanza tulifika uwanjani saa mbili nzima kabla ya muda. Mdogo alikuwa amelala mapajani kwa baba yake. Ilipopasuka ya kwanza, mwanga ulifika, halafu baada ya kitambo ukaja mshindo kifuani, na mimi mikono ikanitetemeka. Nikakumbuka maneno ya shemeji. Nikajiambia yeye anajua kuliko mimi, nikapandisha ISO hadi 1600, nikasukuma pete ya fokasi mpaka ikagota. Nikaanza kubonyeza. Kisha kamera ikagoma. Nilikuwa nikipiga picha ya sekunde 8, halafu inanifungia sekunde 8 nyingine bila kufanya chochote, huku angani kunawaka moto wa kila rangi. Watu wanapiga kelele za furaha, mimi nashika rimoti iliyokufa. Nilikaribia kulia.

Tuliporudi hotelini niliwalaza watoto, nikakaa sakafuni bafuni ili taa isiwaamshe, nikaanza kuzikuza picha moja moja kwenye kioo cha kamera. Zote zimeungua. Kila fataki katikati ni doa jeupe, nyekundu imegeuka pinki, kijani imegeuka maziwa, na madirisha ya kasri yamevimba kama yako chini ya maji. Nikazidi kurudi nyuma kwenye memori kadi mpaka nikakuta picha za uani. Jina la mwanangu limeandikwa kwa tochi, kila herufi imekatika vizuri. Kamera ileile, lenzi ileile. Nilizitazama muda mrefu, na pale bafuni ndipo jambo likanikaa.

Fataki yenyewe ni moto. Haihitaji kuongezewa mwanga. Tena cheche inakimbia: inapita kila sehemu ya picha mara moja tu na kuondoka, kwa hiyo hata ukiacha shata wazi sekunde 2 au 10, mstari wake hauzidi kung'aa. Kinachoamua ukali wa mstari ni tundu la lenzi na ISO. Muda wa shata unaamua mambo mengine mawili: fataki ngapi zitaingia kwenye picha moja, na jengo la chini litang'aa kiasi gani. ISO 1600 ilikuwa imechoma kila kitu tangu cheche ya kwanza.

Kule kugoma nako nilikupata kwenye menyu. Ni ile kazi ya kamera ya kusafisha chengachenga baada ya picha ya muda mrefu: inapiga picha ya pili ya giza, ya muda uleule, ili ilinganishe. Nikaizima. Nikazima pia mfumo wa kutuliza mtikisiko, maana kamera ikiwa juu ya tripodi hauna kazi.

Na fokasi. Lenzi nyingi pete yake inapita kidogo ule umbali wa mbali kabisa, kwa hiyo ukiisukuma mpaka mwisho umeshavuka. Kesho yake mchana, jua likiwaka, nilielekeza kamera kwenye ncha ya mnara wa kasri, nikakuza mara kumi kwenye kioo cha nyuma, nikazungusha pete polepole mpaka bendera ikasimama wazi. Nikabandika utepe kwenye pete, nikazima fokasi ya otomatiki. Baina ya utepe na mwisho wa pete palikuwa na upana wa punje ya mchele. Upana huo ndio ulioniharibia usiku mzima.

Ile bendera ilinisaidia mara mbili. Niliangalia inapepea kuelekea wapi, nikachagua mahali ambapo upepo unanipiga mgongoni, ili moshi usukumwe mbali na mimi. Hata hivyo moshi hujaa, kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo safi kuliko zote. Usizitumie kujaribu mitambo.

Mchana tulipiga pia, bila shida kubwa. Kwa rolakosta nilisimama chini kwenye kona, nikapanga fokasi mapema pale behewa linapopita, shata 1/1000 ya sekunde, nikasubiri sura zao. Kwa farasi wa mbao wanaozunguka nilishusha hadi 1/15 na kuifuatisha kamera pamoja na farasi wa mdogo. Nyingi zilitoka zimetikisika, nne zikatoka vizuri, na nne zinatosha.

Lakini niwaeleze kile kipande cha boksi, ambacho mimi nakiita kadi. Kasri lilikuwa na taa zake kali. Ukiacha shata wazi kwa muda wa kukusanya fataki tatu, kasri linaungua. Ukifunga mapema, unapata fataki moja ya upweke. Nilichukua kifuniko cha boksi la viatu, nikakata kipande chenye ukubwa wa daftari dogo, nikakipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Shata nafungua kwa rimoti na kuishikilia, kadi iko mbele ya lenzi bila kuigusa. Nikisikia fataki inapanda, naondoa kadi. Ikichanua na kuanza kuning'inia, narudisha. Inayofuata, naondoa tena. Tatu, basi, nafunga.

Usiku wa pili mama mmoja aliyesimama pembeni yangu hakuweza kuvumilia.

"Samahani dada, mbona unaiziba kamera? Imeharibika?"

"Hapana mama, nachagua zipi ziingie."

Nikamwonyesha kioo. Nyekundu upande wa kushoto, kijani juu, ya dhahabu inashuka nyuma ya mnara, na madirisha ya kasri yanahesabika. Alimwita mumewe aje aone, na kuanzia hapo alinisaidia kuzuia watu wasigonge miguu ya tripodi.

Kamera niliisimamisha wima, na angani nikaacha nafasi kubwa tupu, kwa kuwa usiku wa kwanza nilikuwa nimezikata vichwa. Nilianza na f/11. Rangi zina tabia zake. Bluu, inayotokana na shaba, ni hafifu na inataka tundu kubwa kidogo. Nyeupe na za fedha, za aluminiamu na magnesiamu, huwaka kali kuliko zote, na mwishoni ndizo hurushwa kwa wingi kwa pamoja. Zilipoanza kusongamana nilikwenda f/16, sikukusanya tena tatu, nikapiga moja moja za sekunde 2 mpaka kishindo cha mwisho. Betri ya akiba ilikuwa mfukoni tangu jioni, na niliihitaji.

Usiku wa tatu sikupiga fataki hata moja. Nilimbeba mdogo mabegani, akaziba masikio, tukazitazama.

Shemeji alipokuja kututembelea alisimama mbele ya ukuta kwa muda. Akasogea karibu, akarudi nyuma.

"Hii umenunua lenzi gani?"

Nikaenda chumbani, nikafungua begi la kamera, nikamletea kile kipande cha boksi. Alikigeuza huku na huku, akakinusa rangi, akaniomba nimwonyeshe. Tulitoka uani na tochi.